Nani Amekupa Anwani Hiyo? Historia ya DHCP na Makovu Yake

Leo tuweke kando habari za programu mpya, tuzungumze juu ya kitu ambacho hakuna anayekitaja mpaka siku kinapogoma. Ukiwa mtu wa kompyuta katika ofisi yoyote, iwe Nairobi, Kisumu au Mombasa, bila shaka umewahi kuitwa kwa maneno haya: "Njoo uone, intaneti imepotea." Anayekuita ameshampigia simu mtoa huduma, ameshamgombeza, na ameshazima na kuwasha kila kitu chenye taa. Unafika, unaandika ipconfig, na kumbe laini inayotoka nje haina kosa lolote. Kompyuta imekosa anwani, au imepewa anwani na mtu asiyestahili kuigawa.

Kazi yangu mimi ni kuandika programu. Lakini katika ofisi ndogo, anayejua kuandika programu ndiye pia fundi wa mtandao, fundi wa printa na fundi wa birika la umeme. Kwa hivyo matatizo haya nimekutana nayo sana, na nimeona kwamba yanaeleweka haraka zaidi ukijua historia yake kuliko ukikariri amri. Karibu kila dalili unayoiona leo ni kovu la uamuzi uliofanywa miaka ya 1980 au 1990. Ukijua kovu lilitoka wapi, unajua pa kushika.

NAMBARI ZA KUANDIKWA KWA MKONO

Tuanze mwanzo. Itifaki ya IP toleo la 4, ile iliyoandikwa katika hati ya RFC 791 ya Septemba 1981, inaipa kila kompyuta iliyo mtandaoni nambari ya biti 32. Mtandao wa ARPANET kule Marekani ulihamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Kompyuta za siku hizo zilikuwa chache, kubwa na ghali, na zilikaa chumba kimoja miaka nenda miaka rudi. Nambari za mitandao zilitunzwa katika orodha na Jon Postel na wenzake, na ndani ya kila taasisi msimamizi aliandika mwenyewe anwani ya kila mashine. Hakuna aliyeona shida, maana mashine zilihesabika kwa vidole.

Kando ya hapo kulikuwa na Ethernet, iliyobuniwa na Bob Metcalfe na David Boggs huko Xerox PARC mwaka 1973. Katika kiwango kilichotolewa mwaka 1980, kila kadi ya mtandao ina nambari yake ya biti 48, tunayoiita leo anwani ya MAC. Basi kompyuta moja ikawa na nambari mbili: ya kadi, inayotoka kiwandani, na ya IP, inayotoka kwa msimamizi. Ni nani atakayezifunga hizo mbili pamoja?

Jibu lilikuja Novemba 1982, David Plummer alipoandika RFC 826, itifaki ya ARP. Ni jambo rahisi mno. Kompyuta inapiga ukelele kwa wote walio kwenye waya: "Nani mwenye anwani hii?" Mwenyewe anajibu: "Ni mimi, na nambari ya kadi yangu ni hii." Basi. Hakuna anayeuliza kitambulisho. Anayejibu anaaminiwa.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo letu la kwanza, la kompyuta mbili kudai anwani moja. Tuseme kuna printa iliyoandikiwa kwa mkono 192.168.1.20, halafu laptopu ya mhasibu ikapewa hiyo hiyo. Zote mbili zinajibu ule ukelele. Majirani wanaandika jibu walilolisikia mwisho, na saa ingine wanaandika la mwenzake. Matokeo yake ni ugonjwa unaokuja na kuondoka: asubuhi printa inafanya kazi, saa nne haifanyi, saa tano imerudi yenyewe bila mtu kuigusa.

Kupima ni rahisi. Chomoa waya wa kifaa unachokishuku, kisha kutoka kompyuta nyingine piga ping kwenye anwani ile. Ikijibu, kuna mwingine anayeitumia. Andika arp -a usome nambari ya kadi yake. Kwa kawaida baiti 3 za mwanzo ni za kampuni iliyoitengeneza, kwa hivyo utajua kama unamtafuta printa, simu au kamera ya ukutani. Mifumo ya siku hizi inajihami: kabla ya kutumia anwani inapiga ukelele kwanza kuona kama kuna mwenyewe, na desturi hiyo iliandikwa rasmi mwaka 2008 katika RFC 5227. Lakini kifaa cha zamani kinaweza kunyamaza, na kifaa kilichozimwa hakijibu kabisa. Kikiwashwa baadaye, vita vinaanza.

KOMPYUTA ISIYO NA DISKI

Mapema miaka ya 1980 vyuo vikuu vilianza kununua kompyuta za mezani zisizo na diski. Diski zilikuwa ghali, kwa hivyo mashine iliwaka ikiwa tupu na kuomba mfumo wake mzima kutoka kwa seva. Tazama mtego uliopo: ili iombe inahitaji anwani, na anwani haina pa kuihifadhi. Kitu pekee inachokijua ni nambari ya kadi yake.

Watu wa Stanford walijibu mnamo Juni 1984 kwa RFC 903, itifaki ya RARP, ambayo ni ARP iliyogeuzwa: "Nambari ya kadi yangu ni hii. Nani ataniambia anwani yangu?" Ilifanya kazi, lakini ilikuwa na udhaifu miwili mikubwa. Ukelele wake haukuvuka rauta, kwa hivyo kila mtandao mdogo ulihitaji seva yake. Pia jibu lilikuwa na anwani tu, bila lango la kutokea wala habari nyingine yoyote.

Mwaka uliofuata, Septemba 1985, Bill Croft wa Stanford na John Gilmore wa Sun Microsystems wakatoa RFC 951, yaani BOOTP. Hawa walifanya jambo la busara: ombi likasafiri ndani ya pakiti ya kawaida ya UDP, milango ya 67 na 68. Kompyuta isiyo na anwani inajiita 0.0.0.0 na kutuma kwa 255.255.255.255, maana yake "kwa yeyote anayenisikia". Na kwa sababu ni pakiti ya kawaida, rauta inaweza kuwekwa iwe tarishi: inasikia ukelele upande huu, inaandika anwani yake katika sehemu maalum ya ombi, na kulipeleka kwa seva iliyo upande wa pili. Seva ikiangalia sehemu ile inajua ombi limetoka mtaa gani.

Tarishi huyo bado yupo, na akisahauliwa utamjua. Dalili ni hii: ofisi imeongeza ghorofa mpya au imegawanya mtandao kuwa vipande, na watu wote wa upande mmoja hawapati anwani, ilhali wa upande mwingine wanaendelea na kazi zao. Ukimwandikia mmoja wao anwani sahihi kwa mkono, anatoka nje bila shida. Waya ni mzima, seva ni nzima, kilichokosekana ni tarishi kwenye rauta. Kwenye vifaa vya Cisco amri yake ni ip helper-address. Nimeona watu wakibadilisha swichi nzima kwa sababu ya mstari huo mmoja.

KUTOKA KUMILIKI HADI KUPANGA

BOOTP ilikuwa na tatizo moja lililobaki: orodha. Mtu alikaa na kuandika kila nambari ya kadi pamoja na anwani yake. Kwa mashine zisizohama hilo linawezekana. Lakini watu walianza kubeba kompyuta zao, na idadi ya mashine ikaongezeka kuliko msimamizi anavyoweza kuandika. Mwaka 1989 kikundi cha IETF kikaanza kazi, na Oktoba 1993 Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania, akatoa hati ya kwanza ya DHCP, RFC 1531. Toleo linalotumika kama msingi mpaka leo ni RFC 2131 ya Machi 1997.

Fikra mpya ilikuwa kupanga. Zamani anwani ilikuwa kama shamba lenye hati: ni lako hata ukihamia ng'ambo. DHCP iliifanya chumba cha kupanga. Unapewa kwa muda. Nusu ya muda ikipita unarudi kwa mwenye nyumba kuomba kuongezewa. Asipopatikana, ukifika asilimia 87.5 ya muda unapiga ukelele kwa mwenye nyumba yeyote; muda ukiisha bila jibu, unatoka. Mazungumzo ya kupanga ni ya hatua nne: mgeni anauliza nani ana chumba, seva inatoa chumba, mgeni anatangaza kwa sauti kwamba amechukua kile, seva inathibitisha. Hatua ya tatu inatangazwa kwa wote ili seva nyingine zilizotoa vyumba zijue hazikuchaguliwa.

Microsoft ilitia seva ya DHCP katika Windows NT Server 3.5 mwaka 1994, na Windows 95 ikaja ikijua kuomba anwani yenyewe. Kuanzia hapo DHCP ikaingia kila ofisi. Na chini yake BOOTP haikufa. Pakiti ya DHCP ni ile ile ya mwaka 1985 iliyoongezwa mizigo, na bado inabeba alama ya 99.130.83.99 iliyotoka enzi za BOOTP. Hata programu ya Wireshark ilikuwa ikitaka uandike bootp ili kuzichuja pakiti za DHCP, mpaka toleo la 3.0 la mwaka 2019.

Kupanga kumeleta ugonjwa wake: vyumba kujaa. Mtandao wa kawaida wa ofisi ndogo una anwani 254 za kutumika, na mara nyingi rauta imewekwa igawe 100 au 50 tu. Seva ya Windows kwa kawaida inapangisha kwa siku 8. Sasa piga hesabu. Una chumba cha mafunzo kinachopokea wageni wapya 30 kila siku, kila mmoja ana simu na laptopu. Hizo ni anwani 60 kwa siku. Kwa siku 5 ni 300. Ijumaa mgeni wa mwisho hapati chumba, ingawa ukihesabu waliomo ndani ni watu 30 tu. Vyumba vimeshikwa na wapangaji walioondoka Jumatatu. Dawa ni kupunguza muda wa wageni uwe saa 2 hivi, au kuwapa wageni mtandao wao. Tena kumbuka kwamba simu za kuanzia Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 hutumia nambari ya kadi ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, kwa hivyo orodha yako ya simu zinazoruhusiwa kwa nambari ya kadi inaweza kukuangusha.

HAKUNA ALIYEJIBU

Je, asipojibu mtu yeyote? Mwaka 1998 Windows 98 na Mac OS 8.5 zilikuja na jibu: kompyuta ijichagulie anwani yenyewe kati ya zile zinazoanza na 169.254, ihakikishe hakuna jirani anayeitumia, halafu iendelee. Jambo hili liliandikwa kuwa kiwango mwaka 2005, RFC 3927. Lengo lilikuwa zuri: kompyuta mbili nyumbani zipeane mafaili bila kuhitaji seva.

Ofisini, 169.254 ni barua. Inasema: "Nilipiga ukelele, sikujibiwa." Watu wengi wanaiona na kudhani ni anwani mbovu iliyotoka kwa mtoa huduma. Sivyo, kompyuta imejipa yenyewe. Basi fuata ukelele ulipokatika: waya, tundu la ukutani, swichi, kipande cha mtandao, tarishi, seva, mwisho angalia kama vyumba vimejaa. Kuna swichi pia ambazo, mlango ukiwashwa, hukaa sekunde 30 zikisikiliza kama kuna mzunguko wa nyaya kabla ya kupitisha chochote. Kompyuta iliyowaka haraka inaweza kuchoka kuita kabla mlango haujafunguka. Ukiona kompyuta inakosa anwani kila asubuhi lakini ipconfig /renew inaiponya papo hapo, shuku hilo.

ALIYEJIBU KWANZA

Ugonjwa mbaya kuliko wote ni ule ambao kompyuta imejibiwa vizuri kabisa, na anwani inafanana na za kweli. Hapa lazima tutaje RFC 1918 ya Februari 1996, iliyotenga anwani za ndani: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Kwa sababu anwani za hadharani zilikuwa zikipungua, ofisi zetu nyingi zinaishi ndani ya hizo, na rauta za nyumbani nyingi zinatoka kiwandani na 192.168.0.1 au 192.168.1.1, seva yake ya DHCP ikiwa tayari imewashwa. Kila nyumba na kila ofisi ina lango lenye jina lile lile.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ya uhasibu ambako nusu ya wafanyakazi walikuwa wamekosa intaneti siku mbili, mwisho wa mwezi, mishahara ikisubiri kutumwa benki. Meneja alikuwa ameshaandika barua ya kuvunja mkataba na mtoa huduma. Nikaandika ipconfig /all kwenye kompyuta moja nzima na moja gonjwa, nikasoma mstari wa DHCP Server. Nzima ilisema 192.168.1.1, gonjwa ikasema 192.168.0.1. Walikuwa na wenye nyumba wawili. Nikachukua nambari ya kadi ya yule wa pili kwa arp -a, nikaitafuta katika jedwali la swichi, na waya ukanipeleka ghorofa ya juu, chini ya meza ya kijana mmoja. Alileta rauta kutoka kwake ili apate Wi-Fi ya karibu, akaichomeka ukutani kwa mlango wa upande wa ndani. "Lakini bosi," akaniambia, "nyumbani inafanya kazi!" Ni kweli ilifanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa tatizo: iliwajibu wote walioita, na kwa kuwa haikuwa na shughuli nyingine ilijibu haraka, na kompyuta nyingi huchukua jibu la kwanza.

Kijana yule hakuwa mwizi. Lakini mwizi angefanya vivyo hivyo, na angekupa lango lake mwenyewe ili kila kitu chako kipitie kwake. Hili halikufichwa. RFC 2131 yenyewe inakiri kwamba DHCP si salama. Mwaka 2001 ilitolewa RFC 3118 ya kuthibitisha ujumbe wa DHCP, lakini haikuenea: kila kompyuta ilihitaji kupewa ufunguo kabla haijaingia kwenye mtandao, na DHCP ilipendwa kwa sababu hukuhitaji kuigusa kompyuta. Ulinzi ukahamia kwenye swichi, katika kitu kinachoitwa DHCP snooping: unaiambia swichi mlango wa seva yako ni upi, na majibu ya DHCP yakitokea mlango mwingine yanatupwa. Kama swichi yako ina uwezo huo, uwashe leo.

Wala si habari ya kale. Mei 2024 watafiti walionyesha shambulio waliloliita TunnelVision: seva ya DHCP ya uongo inatumia chaguo la 121, lililowekwa mwaka 2002 kwa nia njema ya kugawa njia za mtandao, kuifanya kompyuta itume data nje ya VPN huku mwenyewe akiamini amejificha. IPv6 nayo haikutuokoa; mwaka 2011 RFC 6104 ililazimika kueleza tatizo hilo hilo la rauta zinazojitangaza bila kualikwa.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kuandika anwani zote kwa mkono. Sikubaliani nao. Hiyo ndiyo orodha ya mwaka 1985, na siku mwenye daftari akihama kazi, ofisi inabaki na printa na kompyuta zinazogombana bila mwamuzi. Afadhali anwani zisizohama, kama za printa, ziwekwe akiba ndani ya seva yenyewe, na wengine wapange.

Kwa hivyo ukiitwa tena, kabla ya kumpigia simu mtoa huduma, uliza kwa mpangilio huu:

1. Kompyuta ina anwani gani? Ikiwa ni 169.254, haikujibiwa. Fuata ukelele.
2. Nani aliyeitoa? Soma mstari wa DHCP Server, ulinganishe na kompyuta nzima.
3. Lango na DNS ni vile unavyovijua?
4. Kuna mwingine anayetumia anwani hiyo? Chomoa, piga ping, soma arp -a.
5. Walioathirika wako upande mmoja? Mtafute tarishi. Ni wageni wa mwisho kuingia? Hesabu vyumba.

Swali la pili ndilo linalorukwa sana, na ndilo lililomaliza kesi ya ile ofisi ya uhasibu kwa dakika 20. Ile barua ya meneja haikutumwa, na mishahara ilifika benki jioni hiyo. Rauta ya kijana tuliizima DHCP yake, tukaihamishia waya, na Wi-Fi yake ameachiwa.

Hayo ndiyo ya leo. Tuonane tena.